Chupa za Kando ya Mto

Mshona nguo alipofika ukingoni mchana ule, chupa zake zote zilikuwa ndani ya magunia. Watu wa ofisi ya jiji, thelathini hivi, wamevaa fulana mpya za kijani zenye mikunjo ya dukani, walikuwa wamesimama mbele ya magunia hayo wakipigwa picha na kucheka. Mkurugenzi wao alikuwa ameinua dole gumba.

Kwanza hakuelewa. Kisha akaitazama miche yake iliyoachwa bila chupa, akaelewa, na hasira ikampanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Miaka minne! Pale palikuwa jalala, mahali pa kutupa magodoro yaliyooza na mizoga ya mbwa, na hao hao watu wa jiji walikuwa wakipapita wameziba pua. Yeye na majirani zake ndio waliozoa. Yeye ndiye aliyepanda miche mia mbili na kumi, na kwa kuwa kiangazi cha pale hakina huruma, kila mche aliufukia chupa ubavuni: imekatwa kitako, mdomo chini, kizibo kimetobolewa kwa sindano ya cherehani. Unajaza asubuhi, maji yanadondokea mizizi tone kwa tone mpaka jioni. Tundu likizidi, chupa inakauka kabla ya saa sita; likipungua, udongo unaliziba. Vidole vyake vilikijua kipimo hicho. Mtaani wakamwita Mama Chupa, na alilipenda jina hilo kuliko la kuzaliwa.

Halafu jiji nalo likazinduka, likaona kuwa pale panafaa kuwa bustani ya umma. Alifurahi, tena sana, maana ndicho alichokuwa akikitaka: watoto wapate pa kucheza, wazee wapate kivuli. Na msimamizi wa kazi hiyo alikuwa nani? Mdogo wake wa tumbo moja, aliyekaa kwake tangu sekondari hadi chuo, akila chakula chake. Huyo alizijua chupa. Mia za kwanza alizikata mwenyewe kwa kisu cha jikoni cha dada yake, akakiua makali.

Alimkuta nyuma ya gari, anakwepa macho.

"Waambie hizi chupa zilikuwa za nini."

"Dada, tutaongea nyumbani."

"Waambie hapa hapa."

Mdogo mtu akaanza kunong'ona. Mkurugenzi alitaka chupa zote ziondolewe kabla ya uzinduzi. Wageni wakubwa wasingeelewa. Baada ya siku nne zingerudishwa. Angemwambiaje bosi kwamba hizo taka si taka? Angeonekana mtu wa ajabu. Kwa hiyo alinyamaza. Alisimama na fulana yake ya kijani akiwatazama wenzake waking'oa, na miche mingine ikatoka na mizizi yake.

Mama Chupa akafungua gunia la kwanza, akaona kuwa hapakuwa na cha kurudisha. Walikuwa wameelekezwa kukanyaga kila chupa mpaka iwe bapa, ili gunia lipakie nyingi. Vizibo walivitenga kwenye pipa, na pipa lilikwisha kuondoka na lori la taka.

"Siku nne," alimwambia mdogo wake. "Kaa wewe siku nne bila maji kwenye jua hili, halafu uje uniambie nani wa ajabu."

Tangu jioni ile alibeba ndoo. Hatua arobaini kushuka mtoni, arobaini kupanda, na kila ndoo inatosha miche mitatu tu. Majirani walimsaidia walipotoka makazini, lakini mchana alikuwa peke yake, cherehani imefunikwa shuka nyumbani na wateja wamenuna. Mdogo wake alipita mara mbili na gari la ofisi, hakushuka. Hadi siku ya tatu miche sitini ilikuwa imekauka. Alimlaani waziwazi, roho ikamuuma kwa kumlaani, akaenda zake mtoni akamlaani tena.

Siku ya uzinduzi waliweka mahema, viti vilivyovishwa vitambaa, na zulia jekundu juu ya kijia chake cha maji. Mshereheshaji akamwita mama shujaa wa mazingira aje apokee cheti. Hakuna aliyesimama. Akaita tena. Ndipo mdogo wake alipopanda jukwaani, akakipokea kwa mikono miwili na kuvuta kipaza sauti.

"Dada yangu anaumwa," alisema. "Ameniomba nimwakilishe."

Dada yake alikuwa anapanda kutoka mtoni, ndoo kichwani, gauni limelowa mpaka magotini. Alipita juu ya zulia, katikati ya safu za viti, akasimama chini ya jukwaa.

"Siumwi," alisema bila kipaza sauti, na kila mtu akasikia. "Namwagilia ile ambayo bado hujaiua."

Mche uliofuata ulikuwa kando ya kiti cha mkurugenzi. Alimwambia asogeze miguu, naye akaisogeza.