Kundi la Tusioelewa

Mhadhiri alikuwa ameandika kurasa mia mbili na kumi kuthibitisha kwamba katika masomo ya mtandaoni kinachowaleta watu karibu si kompyuta, ni lugha. Hakuna aliyezimaliza kurasa hizo, mkewe akiwa wa kwanza. Sasa chuo kilimruhusu kuifundisha nadharia yake, mtandaoni humo humo, kwa sharti moja: zisipofika angalau kazi kumi za kumalizia somo kabla ya Ijumaa jioni ya wiki ya tatu, somo linafutwa, naye anarudi kusimamia mitihani ya wenzake.

Jumatatu hiyo uwanja wa majadiliano ulitulia tuli kama maji mtungini. Wanafunzi thelathini na wanne, neno hakuna. Alikuwa ameuliza: "Je, lugha hupunguza vipi umbali wa kimahusiano baina ya mfundishaji na mfundishwaji?" Swali alilipenda mno hata akalikoleza wino. Wiki ya tatu hiyo.

"Wavivu," alimwambia mkewe, aliyekuwa akisahihisha madaftari ya darasa la kwanza.

"Au hawakuelewi, baba watoto. Mimi mwenyewe ukianza na huo umbali wako huwa naitikia tu, ndoa isonge. Mwenzangu wa shuleni anasoma kwako. Anasema wana kundi lao kwenye simu, linaitwa Tusioelewa."

Mhadhiri alicheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. Kisha akaomba kiungo, akatafuta laini nyingine, akajiunga kwa jina la Mgeni.

Juu kabisa ya kundi palibandikwa maneno yake mwenyewe, ya wiki ya kwanza. Mwanafunzi mmoja, mkunga mtu mzima, alikuwa ameuliza: "Mwalimu, hapa sijashika. Una maana ya kuongea vizuri na mtu aliye mbali?" Naye akajibu mbele ya wote: "Tafadhali tumia istilahi za kitaaluma." Chini yake mtu aliandika: Soma hii kabla hujaenda kuuliza kule.

Masikio yakamwaka moto. Alikuwa ameshasahau kabisa.

Akafungua ujumbe wa sauti wa mkunga, aliyekuwa akiwaeleza wenzake somo la wiki. "Jamani, mimi nimeshazalisha kwa simu. Niko huku, binti muuguzi yuko zahanati peke yake, kazini ana mwezi mmoja, na mama mzazi yuko kitandani. Nilimwambia, vuta pumzi, niambie unachokiona, kwa maneno yako. Hapo ndipo alipotulia. Ningemwambia 'istilahi', mtoto angerudi ndani."

Sekunde arobaini. Sura yake ya nne nzima, kurasa sitini, imekwisha kwa sekunde arobaini, tena sasa hata yeye ameielewa.

Akashindwa kujizuia, akaandika: "Hoja hii ina mashiko, ila katika muktadha huo ni vyema kuzingatia kwamba..."

"Shikamoo mwalimu," mmoja akajibu. Wa pili naye, shikamoo. Zikamiminika shikamoo ishirini. Mkunga akaandika: "Karibu. Umekuja kutusahihisha?"

Akaanza: "Kufuatia tukio lililojitokeza..." Akafuta. "Ningependa kuelezea masikitiko..." Akafuta.

"Mama watoto, mtu akimkosea mwenzake anasemaje?"

"Anasema nimekukosea," mkewe alijibu bila kuinua kichwa. "Watoto wangu wa miaka sita wanajua."

Akabonyeza kinasa sauti. "Mama mkunga, nilikuaibisha mbele za watu. Nimekukosea, nisamehe." Akatuma haraka kabla hajaongeza tanbihi.

"Yamekwisha," alisema mkunga. "Sasa tuambie, hili somo ulilipendea nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. "Baba yangu alifanya kazi mbali," akasema. "Alikuwa akipiga simu Jumapili, ananiuliza nimekula nini, nimecheza na nani. Dakika tano tu. Nilikuwa namwona kabisa, kama yupo sebuleni." Akatuma bila kujisikiliza.

Ijumaa zilifika kazi tisa. Mkunga alikuwa zamu, amepokea mapacha. Yake ilifika Jumamosi, na chuo hakijui mapacha. Somo likafutwa. Iliuma, na safari hii hakutafuta neno zuri zaidi la kuuma.

Jumatatu iliyofuata alikuwa akipanga madawati ya mitihani ya wenzake simu ilipolia. Ilikuwa sauti ya mkunga.

"Mwalimu, uko wapi? Tumeshakaa wote huku kundini, tunakungoja."