Vitabu Mia Nane vya Kusagwa

...tia sahihi hapa tu, mama, anasema mwalimu mkuu, kidole chake kinagongagonga karatasi, siku hizi hata yeye kila kitu anakigusa kwa kidole kama watoto wanavyogusa vishikwambi vyao, nitie sahihi ya nini, kwamba mimi, mkutubi wa shule hii miaka ishirini na miwili, nimekubali vitabu mia nane viende kusagwa viwe maboksi, eti kila mtoto ana kishikwambi na ndani yake maktaba nzima, maktaba gani, kioo kitupu, mtoto anapitisha kurasa kumi kabla sijamaliza kupiga chafya, ukimuuliza umesoma nini, nimesahau, bibi, chaji iliisha... chaji ikiisha na akili inazima, hongera zao... "Mama, gari linasubiri," lisubiri, kitabu hakiishi chaji, kitabu kina harufu, kina uzito, mtoto anakumbuka jambo lilikuwa chini kushoto, pale penye doa la chai... doa lipi, vyangu havina doa, nimevivalisha nailoni kimoja kimoja, nimevitunza kama mboni ya jicho, "Ona vilivyo vipya," mwalimu mkuu anamwambia dereva, "huyu mama anajua kutunza," anafungua kimoja mbele yangu, kwenye jalada la nyuma kile kikaratasi cha tarehe za kuazima, cheupe pe, anafungua cha pili, cheupe... nilimwazima nani, kanawe kwanza, nilisema, hiki hakitoki, nilisema, soma hapa nikikuona na usikunje, na yule msichana mwembamba wa darasa la sita alikuja wiki nzima akitaka kile chenye jalada la kijani, kila siku namkagua kucha namrudisha, siku ya sita hakuja, nikafurahi, Mungu nisamehe, nikasema kitabu kimepona... jana nimemkuta kwenye ngazi na kishikwambi, anacheka peke yake, unacheka nini wewe, kumbe kile cha kijani kimo humu, bibi, akanisimulia mwanzo hadi mwisho, nami nikanuna siku nzima, si kwa sababu ya kioo, nilikuwa sijui hadithi yenyewe, miaka yote nimekifuta vumbi na sijakifungua... natafuta mchawi wa watoto wangu, kumbe ni mimi, niliwafukuza mmoja mmoja, kwa sabuni... "Kuna tatizo, mama?" hakuna, mwalimu, kalamu ninayo, gari linanguruma nje, anafungua cha tatu, cha nne, na leo kwa mara ya kwanza naomba angalau kimoja kiwe kimechanika.