Mazishi ya Bega Langu

Usiku wa jana, nikiwa nimelalia ubavu wa kushoto kwa sababu wa kulia haulaliki, niliota kwamba bega langu linazikwa. Si mimi mzima. Bega tu, pamoja na mkono wake. Naandika mbiombio kabla ndoto haijanitoka, tena kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mwandiko usamehewe. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Kwanza mnijue. Naitwa Kondo, mpishi wa shule ya bweni hapa Kisarawe. Nasonga ugali wa wanafunzi mia sita kwa mwiko unaonizidi urefu. Bega la kulia linaniuma tangu mwaka jana, na sasa mkono haufiki hata sikioni. Hadi jana sikuwa nimemwambia mtu. Sindano siogopi. Ninachoogopa ni kuambiwa niweke mwiko chini, maana sijui kazi nyingine na hii naipenda.

Basi, nipo jikoni nasonga. Mwiko anasimama wima katikati ya sufuria na kunitazama.

"Kondo, leo husongi. Nenda zahanati."

"Sina shida," namjibu.

"Sikukuuliza. Ingia."

Naingia. Nanyanyua mguu tu, navuka ukingo wa sufuria, na ndani hakuna ugali. Kuna ukumbi wa zahanati, baridi safi, mabenchi, na picha ukutani za watu wanaonawa mikono kwa bidii. Mapokezi ameketi birika la chai, amevaa miwani na mvuke unamtoka. Juu yake kuna tangazo: MGONJWA ATATIBIWA KWA KADIRI ALIVYOITIKIA SALAMU.

Birika alionekana mtu mzima, nikamwamkia. "Shikamoo."

"Marahaba. Habari za bega?"

"Nzuri."

Msinicheke. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikuuliza habari unasema nzuri. Paa limeezuliwa, nzuri. Mtoto kalazwa, nzuri. Kisha ndipo unavuta pumzi na kusema "ila," na mambo yote yanafuata. Mimi nilikuwa bado navuta pumzi, birika akawa ameshagonga mhuri.

"Ngoja, nilikuwa naendelea," nikasema.

"Nzuri haina kuendelea. Lakini una nafasi mbili zaidi. Waonaje hali?"

"Salama tu."

Akagonga mhuri.

"Hujambo lakini?"

Nikajikaza. Nikaukunja ulimi, nikafumba macho, nikasema kwa sauti ya kishujaa: "Sijambo!"

Mhuri wa tatu. Birika akavua miwani, akanipa mkono, akasema kwa upole, "Pole sana, bwana Kondo. Kwa maelezo yako mwenyewe, maumivu yako yamefariki."

Watu wote kwenye mabenchi wakasimama.

"Tunazika saa kumi alasiri," akaendelea. "Marehemu alikuwa anaishi wapi?"

"Begani."

"La kulia?"

"La kulia."

"Basi atazikwa na nyumba yake."

Sikupata hata muda wa kubisha. Ukumbi umekuwa uwanja wa nyumbani kwangu, turubai limefungwa, mikeka imetandikwa, na nyuma ya nyumba pilau linanukia vizuri mno kwa msiba wa kiungo kimoja. Mke wangu Mwanvua amejifunga khanga kiunoni, anapokea watu.

"Poleni na bega."

"Tumeshapoa."

Akaniona, akaja na uso wa kazi. "Baba Shomari, wewe umekuja kama mfiwa au kama maiti? Nijue pa kukukalisha."

"Sehemu moja maiti, zilizobaki wafiwa."

"Basi kaa hapo katikati," akasema, akarudi kwa wageni.

Seremala akaja na futi, akanipima kutoka shingoni hadi ncha za vidole, akaandika ubaoni kwa penseli. Nikachungulia kaburi. Lilikuwa jembamba na refu, limechimbwa kwa ustadi, na pembeni yake mwiko amejiinamia analia. "Atanishika nani?" anasema. "Atanishika nani mimi?"

Hapo niliogopa kwelikweli. Mkono ule ndio unaonilisha na ndio unaonipa jina, na walikuwa wameshaleta msumeno, umefungwa vizuri kwenye sanda yake. Na kumbe dawa ilikuwa neno moja tu. Ningesema linauma, maiti angekuwa hai na kila mtu angekwenda kwake. Nikasimama.

"Jamani," nikasema.

Msiba mzima ukageuka. "Ndiyo, Kondo. Unasemaje?"

"Namshukuru Mungu."

Wakaitikia vizuri, wakaendelea na maandalizi. Nilitamani kujizaba kofi, ila mkono wa kulia haukufika.

Ndipo akatokea Ndaki. Huyu ndiye mtunza stoo wetu pale shuleni, Msukuma, na kwa kuwa mimi Mzaramo, ni mtani wangu. Asiyejua mambo ya utani ajue hivi: msibani mtani hana mipaka. Atavaa nguo za marehemu, atamtukana, atalala kaburini, na ukikasirika utachekwa wewe. Kazi yake ni kuhakikisha wafiwa hawafi na wao.

Ndaki amevaa shati langu la Idi, mkono wa kulia tu, mwili mwingine wote uko nje. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi kaburini, akajitupa ndani ubavuubavu, akajifunika usoni kawa la kufunikia pilau.

"Hapa hazikwi mtu," akasema kutoka chini. "Nimechoka. Nileteeni chai."

"Toka, Ndaki, watu wanazika!" seremala akamwambia.

"Wanazika nani?"

"Bega la Kondo."

Kawa likasogea. Jicho moja likachungulia. "Bega tu?"

"Bega tu."

"Na Kondo mwenyewe?"

"Yule pale, amekaa."

Ndaki akainuka taratibu, akakaa kitako ndani ya kaburi, akaniangalia kwa masikitiko makubwa. "Wazaramo!" akasema. "Hata kufa mnakufa kwa awamu! Leo bega, mwezi ujao goti, mwakani sikio, mradi watu wale pilau na ngoma ikeshe! Mtu mmoja misiba kumi na miwili! Sasa mimi nitapata wapi likizo ya kuja kulilia kidole gumba?"

Jamani, nilicheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, nikakizuia, kikashuka tumboni, kikarudi na wenzake. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu mwaka jana, na sababu nilikuwa naijua: nikicheka natikisika, na nikitikisika bega linanichoma. Likanichoma. Nikapiga kelele.

"Ndaki, usinichekeshe, bega linaniuma!"

Kuni zikaacha kupasuka. Seremala akakunja futi yake.

Birika akatokea chini ya mkeka, anavaa miwani upesiupesi. "Marehemu amesema nini?"

"Linauma," nikasema. Na lilikuwa neno tamu! Nikalirudia kwa nguvu zote. "Linauma! Linauma nikisonga, linauma nikilala, limeniuma mwaka mzima, nami nimekuwa nikilijibia nzuri!"

Vigelegele vikalipuka. Mwanvua akatupa upawa hewani. Mwiko akacheza akizunguka kaburi, na Ndaki, ambaye sasa hana pa kulala, akalalamika kwamba amevunjiwa nyumba.

"Kwa kiasi gani?" birika akauliza.

Turubai limeondoka. Mbele yangu kuna benchi refu, na namba za kupimia maumivu zimeketi kwa mpangilio kuanzia Moja hadi Kumi, kila mmoja na mzigo wake mapajani. Sifuri hakuja, lakini kiti chake kimewekwa.

"Chagua wa kuondoka naye," birika akasema.

"Mbili," nikasema. Mazoea yana taabu.

Mbili, bwana mmoja mwembamba aliyechana nywele akazitia njia, akanikagua juu hadi chini. "Mimi simfahamu mtu huyu."

Saba akasimama. Mama mnene wa haja, amejitanda khanga, anahema kidogo. "Mwacheni, ni wangu," akasema. "Kila asubuhi mimi ndiye ninayemvalisha shati. Mkewe akishatoka nje, ananiita."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Kisha haya zikaisha, nikajisikia mwepesi ajabu. "Ni kweli," nikasema. "Ni Saba."

Birika akafuta mihuri yote mitatu kwa mvuke wake. "Mtaondoka wote wawili mpaka kwa daktari. Ukifika, mtaje kwa jina. Ukimficha, atakwenda kumleta dada yake Nane."

Nikamgeukia mwiko. "Na kazi yetu?"

"Pona kwanza," akasema. "Mimi ni mti, sina haraka."

Saba akanisindikiza hadi chumbani. Akapanda kitandani, akajilaza upande wa ukutani bila kuomba ruhusa, akanisukuma kwa kiuno. "Sogea," akasema. Nikasogea.

Nikaamka. Kumekucha, Mwanvua anafungua dirisha.

"Umeamkaje, baba Shomari?"

Mdomo ulikuwa umeshajipanga kusema salama. Nikaungoja upite.

"Vibaya," nikasema. "Bega la kulia linaniuma. Saba kwa kumi. Leo nataka kwenda kwa daktari."

Akabaki ameshika pazia. Nilidhani atashtuka, atanigombeza, ataniuliza tangu lini. Hakuuliza.

"Mwaka mzima nangoja uniambie," akasema. "Kila asubuhi unafikiri natoka kwenda wapi? Nasimama hapo mlangoni, nakusikia unavyogugumia na shati, narudi ukimaliza."

Akachukua shati msumarini, akapanda kitandani apitie nyuma yangu anisaidie, akapiga goti upande wa ukutani. Akaruka kama aliyekalia kaa la moto.

"Kondo! Nani alikuwa amelala hapa?"

Nikageuka. Upande ule, ambao hatulalii hata siku moja, godoro lilikuwa limebonyea shimo la mtu mzima, tena mnene. Nikaweka kiganja. Palikuwa bado na joto.

Nikacheka mpaka bega likauma, na safari hii nikamwambia.