Mchezo wa Jumapili kwa Mwalimu Ladislaus

Baada ya vita vya Kagera betri ziliadimika, na kijijini Naipingo redio iliyosikika vizuri ilibaki ile ya Mwalimu Ladislaus tu, mtu wa Songea aliyehamishiwa pale. Kila Jumapili alasiri aliiweka dirishani, majirani wakajaa uani kusikiliza mchezo wa kuigiza.

Na mchezo ule ulikuwa umesukwa ukasukika. Palikuwa na mama, binti yake, na shangazi aliyekuja kila Idi akamtazama yule binti kupita kiasi. Mama alisikika akitwanga. Binti akiuliza habari za kuzaliwa kwake, mchi ulisimama. Kimya. Kisha ukaanza tena, taratibu. Hapo watu waliacha hata kutafuna mihogo.

"Huyo mama anaficha jambo," Mwamina alimnong'oneza mama yake, Mwanawetu. "Umesikia, mama? Hajadanganya hata neno, lakini anaficha."

Mwanawetu aliitikia kwa kichwa. Mwamina hakuwa wa tumbo lake. Aliyemzaa ni Mwanabibi, mdogo wake Mwanawetu, kabla hajaolewa. Mwanawetu akampokea angali mchanga, akamlea kama wake. Ndugu hao wawili waliapa mbele ya mama yao aliyekuwa mahututi kwamba siri haitatoka. Sasa Mwanabibi alikuwa mke wa Halfani, mfanyabiashara wa mjini Ruangwa, na Mwamina alimwita mama mdogo.

Wiki ile Mwanawetu alidandia lori la korosho hadi Ruangwa. Alimkuta mdogo wake akipepeta mchele.

"Mwanabibi, nifungulie kile kiapo. Mtoto amekua, ana masikio. Heri asikie kwetu kuliko barabarani."

"Dada, Halfani hajui. Akijua ataniacha, na hawa wadogo niwapeleke wapi?"

"Na mimi je?"

"Wewe ni mama yake. Mimi sina changu kwake." Machozi yalimdondokea kwenye ungo, wala hakuyafuta.

Mwanawetu alikuwa amekuja na maneno makali. Alirudi nayo Naipingo.

Jumapili iliyofuata mchezo ulifika ukingoni. Mchi ulikuwa ukitwanga, mlango ukalia, shangazi akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu." Hakuna muziki, hakuna kilio. Mchi tu ukaanguka chini.

"Ah! Huyu aliyeutunga ni fundi," alisema Mwalimu Ladislaus, akivua miwani.

Mwamina alikuwa akilia begani kwa Mwanawetu. "Maskini yule binti! Miaka yote wanamtazama usoni, wanakula naye! Ningekuwa mimi, nisingewasamehe wote wawili."

Mwanawetu alifungua mdomo. Akamkumbuka Mwanabibi na ungo wake, akaufunga. Alimpangusa mtoto machozi kwa upindo wa kanga.

"Bora mimi ninamjua mama yangu," Mwamina alisema, akacheka kwa aibu ya kulilia redio. "Twende, jua linazama."

Mwanawetu alikuwa bado akikunja ule upindo uliolowa. Mwamina akamshika mkono, akamvuta.