Meurig Dimbwi Ateremka Mlima

Kijijini kwetu akina Jones ni wengi kuliko kondoo, na akina Evans wanawakaribia. Ukiita "Bwana Jones!" mbele ya duka la nyama, wanaume watano watageuka, na mbwa mmoja pia. Kwa hiyo kila mtu ana jina la pili, na jina hilo hujipi mwenyewe. Unapewa na watu, kwa jambo ulilolifanya mbele ya macho yao, na mara nyingi unakufa nalo. Marehemu Hefin aliiba kipande cha keki kanisani akiwa na miaka sita. Alifariki akiwa na miaka tisini, mzee wa kanisa lile lile, na jiwe lake la kaburi, jiwe zuri la buluu la kutoka machimbo yetu wenyewe, limeandikwa HEFIN KEKI.

Mimi kwa miaka zaidi ya thelathini niliitwa Meurig Kitabu. Sioni haya kusema kwamba nililipenda jina hilo. Nililipata kwa jasho. Nilikuwa natoka machimboni na vumbi la mawe kwenye nyusi, nakunywa chai nikiwa nimesimama, kisha naenda shule ya usiku kusoma hesabu na sayansi. Walionicheka walikuja baadaye kuniomba niwasomee barua zao za serikali.

Halafu mwaka jana nikalipoteza.

Kila vuli, mvua zikishaufanya mlima kuwa uji, vijana wetu huandaa mashindano ya kuteremka kwa baiskeli, kutoka kwenye kibanda cha zamani cha wachimbaji hadi uwanja wa nyuma ya kanisa. Lipo kundi la vijana, lipo la akina mama, na lipo la wazee tuliopita miaka sitini. Mwaka jana nilishuka vizuri mpaka mwishoni kabisa. Hapo, hatua chache kabla ya utepe, pana dimbwi. Gurudumu la mbele likazama, baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea. Walinikuta kichwa chini, miguu juu, nikipiga mateke hewani kama kuku wa Krismasi. Ilibidi wanivute kwa kamba na trekta. Bethan Posta, ambaye hutangaza kwa kipaza sauti kila mwaka, akasema, "Na huyo ni Meurig Kitabu... hapana, jamani. Meurig Dimbwi!"

Mlima mzima ukacheka. Jina likawa limeshika.

Sheria yetu ni moja: jina haliondolewi ila kwa jina kubwa zaidi, na hasa palepale ulipolipatia. Kwa hiyo mwaka huu nilipokea mvua ya vuli kwa furaha ya mkulima.

"Kaa nyumbani," mke wangu Nesta alisema. "Una miaka sitini na tisa. Lima viazi."

"Sitaki kuzikwa na dimbwi, Nesta."

"Utazikwa na udongo kama wenzako. Kula uji wako."

Lakini nilikuwa nimeshafanya utafiti. Adui wa baiskeli katika tope si tope lenyewe, ni kule kung'ang'ania kwake. Linashika fremu, linashika magurudumu, na ukifika katikati ya mlima umepanda kitu kizito kama ndama. Vijana hupulizia fremu mafuta ili tope liteleze lisishike. Jambo hilo nililielewa mara moja, maana shule ya usiku tulifundishwa habari za msuguano: punguza msuguano, chombo kitakwenda. Asubuhi ya mashindano, katika mvua, nikatoa kwenye kikapu cha Nesta kopo lake la mafuta ya kupikia, yale ya kupuliza.

"Hayo ni ya kupaka bati la keki," akasema.

"Leo yanatumikia sayansi."

Nikapuliza fremu. Nikapuliza uma wa mbele unaoshika gurudumu, kanyagio, magurudumu, na kila palipong'aa chuma. Mimi si mtu wa kufanya kazi nusu nusu. Nilipomaliza, baiskeli iling'aa kama samaki, na kopo lilikuwa tupu.

Trekta hutupandisha juu kwenye tela, baiskeli zetu zikiwa zimelazwa juu ya nyasi kavu. Ndani ya tela alikuwamo Islwyn Kengele, jirani yangu, mshindi wa kundi la wazee mwaka jana. Jina lake alilipata ujanani, siku ya arusi ya dada yake, alipovuta kamba ya kengele ya kanisa kwa nguvu hadi ikampandisha darini na suruali ikabaki chini. Alikuwa anakula mkate wa zabibu kavu.

"Dimbwi!" akaniita. "Kamba yako umekuja nayo, au tukuazime?"

"Wewe Kengele, chunga suruali yako."

Wazee wakacheka. Islwyn akaipapasa baiskeli yangu, kisha akavitazama vidole vyake.

"Mbona inateleza hivi?"

"Elimu," nikamjibu.

Akafuta mkono kwenye koti langu.

Kule juu ukungu ulikuwa mzito hata mlima hauonekani, unausikia tu: maji, kondoo, na mbali chini sauti ya Bethan ikitangaza. Tunaachiwa mmoja mmoja. Islwyn alinitangulia, mimi nikawa wa mwisho. Nikamsubiri apotee kwenye ukungu, nikavaa kofia ngumu, nikavuta miwani. Mwenye saa akanigusa bega.

"Haya, babu. Taratibu."

Nikasukuma kanyagio. Kona ya kwanza iko karibu na ukuta wa mawe. Unapaswa kupunguza mwendo kabla yake. Nikashika breki. Breki zikanijibu kama bibi arusi aliyenuna: kimya kabisa.

Nikashika tena, kwa mikono yote miwili. Kitu pekee kilichopungua kilikuwa ujasiri wangu.

Hapo ndipo elimu yangu yote ilinirudia kwa mkupuo. Msuguano ni adui wa kila kitu kwenye baiskeli isipokuwa breki. Breki ni msuguano mtupu. Na mimi, mwanafunzi bora wa darasa la usiku, nilikuwa nimeipaka mafuta ya keki kwa uangalifu mkubwa, mbele na nyuma.

Nikaipita kona kwa kulala ubavuni, goti likilima tope. Sijui nilifanyaje. Baada ya hapo yakaja mizizi, na mizizi ikanirusha juu na kunidaka, juu na kunidaka. Meno yaligongana. Tope lilinijia usoni kwa makonzi. Kasi ikapanda, hofu ikapanda nayo, tukaenda hivyo watatu mpaka kwenye mawe makubwa. Hapo hofu ikachoka, ikashuka njiani, na mimi na kasi tukaendelea.

Nikaanza kucheka. Sikukusudia. Kicheko kilitoka chenyewe kila baiskeli ilipotua, ha! ha! ha!, kama pampu. Nilikuwa sijateremka mahali popote kwa namna ile tangu utotoni, tulipokuwa tukikalia bati na kuteleza kwenye vifusi vya machimbo, na mama zetu wakitusubiri chini na fimbo.

Katikati ya msitu nikamwona Islwyn mbele yangu, anashuka kwa adabu.

"Njia!" nikapiga kelele. "Njia, Kengele!"

Akageuza shingo. "Shika breki, mwendawazimu wewe!"

"Sina!"

"Huna nini?"

"Breki!"

"Mama yangu wee!" akasema Islwyn Kengele, akajitupa na baiskeli yake kwenye majani ya kando, nami nikapita palepale alipokuwa.

Msitu ukaisha. Mteremko wa mwisho ulikuwa umejaa watu pande zote mbili, wanagonga masufuria na njuga za ng'ombe. Sauti ya Bethan ikanifikia: "Anakuja mzee! Ni nani huyo? Ni Meurig! Jamani, hashiki breki! Tazameni, hashiki kabisa!"

Kusema kweli nilizishika kwa nguvu zangu zote, tangu juu mpaka chini. Lakini ningewezaje kumweleza?

Na mbele yangu, dimbwi. Lilikuwa limenisubiri mwaka mzima, na limenenepa. Wenye akili hupunguza mwendo na kulizunguka kwa kushoto, juu ya mawe. Mimi kuzunguka sikuweza. Kabla ya dimbwi pana kituta kidogo cha udongo, ambacho mtu mwenye breki hata hakioni. Mimi nilikiona. Nikainuka kwenye kanyagio, nikavuta usukani kifuani, nikamtaja Mungu kwa jina lake kamili.

Halafu kukawa kimya. Nilitazama chini nikaliona dimbwi likipita chini yangu, na ndani yake mzee mmoja akiruka angani. Naapa alikuwa anatabasamu.

Gurudumu la nyuma liliangukia ukingoni, tope likawarukia watu wa safu ya mbele wakiwa wamefumbua vinywa kushangilia. Nikakata utepe. Nikapita mbele ya mchungaji. Nikapita hema la chai, watu wakiokoa vikombe, hatimaye nikaingia kichwa kichwa kwenye marobota ya majani makavu, nikatulia.

Waliponichomoa, uwanja mzima ulikuwa unaimba. "Meurig Upepo! Meurig Upepo!" Hebu fikiri. Upepo! Nililisikia jina hilo likinikaa mabegani kama koti jipya. Nililiona tayari kwenye jiwe la buluu. Bethan akaja mbio na kipaza sauti chake, akasimama mbele yangu na Nesta, akafungua mdomo kulitangaza rasmi.

Nesta alikuwa ananifuta uso kwa skafu yake. Akasita. Akanusa hewa, akaninusa mimi, akainama kuinusa baiskeli. Kwenye magurudumu, pale breki zilipokuwa zikihangaika njia nzima, palikuwa panafuka moshi mwembamba.

"Meurig," akasema, "mbona unanuka chipsi?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Swali hilo lilipanda mlima mzima, likarudi.

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Watu walishikana mabega. Mchungaji alikaa chini kwenye tope. Bethan alijaribu mara tatu kabla ya kupata sauti: "Mshindi wa wazee, kwa mwendo ambao hajawahi kuuona mtu... Meurig... Meurig Chipsi!"

Nilisimama wima. Nilijitahidi kuudhika, na sikuweza. Kicheko cha msituni kilikuwa bado hakijanitoka, kikanipanda tena, nikacheka nao mpaka mbavu zikauma. Kikombe cha ushindi walinijazia chipsi, zenye chumvi na siki, na nikazila palepale, kando ya dimbwi. Lilikuwa dimbwi tu. Halikuwa tena la mtu.

"Hata hivyo ni afadhali," Nesta akasema, akichukua ya kwake. "Chipsi ni kitu cha moto."

Islwyn alifika baadaye sana, anasukuma baiskeli, majani kwenye masikio. Hakuna aliyempa jina jipya. Hata kumtazama walisahau. Akasimama karibu nami, akaiba chipsi moja, akaitafuna polepole.

"Ni mafuta gani yale?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ya bati la keki."

"Na breki zikikataa?"

"Ndipo jina linapokuja, ndugu yangu," nikamwambia, nikampa kikombe ashike.