Ratiba Iliyokuwa Ikijisogeza

Barua ya kumwachisha kazi Mama Pacha ilikuwa imeshachapwa. Ilibaki saini tu, na kalamu ilikuwa mkononi mwa Matroni.

"Tuseme ukweli mbele ya wenzako," Matroni alisema. Alikuwa ametuita ofisini kwake, wauguzi wa wodi ya watoto wachanga pamoja na mimi karani wao. "Jana mchana ulitakiwa kazini. Hukuonekana. Ukaja usiku unatabasamu, eti ndiyo zamu yako. Bado uko kwenye majaribio, mwanangu, halafu unatoroka, na kudanganya juu yake?"

Alitupa mezani ratiba aliyoichapa jana alasiri, baada ya kugundua pengo. Jina la Mama Pacha lilikuwa upande wa mchana, peupe kabisa.

Mama Pacha ndiye mgeni wetu. Pacha wake hawajatembea bado, na mshahara huu ndio unaowalisha.

"Juzi nilifungua kompyuta ya pale mlangoni," alisema polepole. "Iliniandikia usiku. Naapa, Matroni."

"Kompyuta ina kisa na wewe?" aliuliza muuguzi mmoja mkongwe, na wenzake wakacheka kwa pua.

Mimi sikucheka. Wakongwe wa wodi hii hawasomi ratiba. Huulizana pale kwenye makabati wakivua aproni, "Kesho nani na nani?", wakamaliza. Mgeni tu ndiye aliyeambiwa aisome, naye akaisoma. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimelifungua faili la ratiba jana asubuhi nikitafuta namba ya simu ya mtu, nikamwona Mama Pacha kwenye zamu ya asubuhi, naye wodini hakuwepo. Nilidhani macho yangu yana usingizi.

"Mama, naomba ulifungue faili la ratiba sasa hivi," nilimwambia Matroni.

Alilifungua. Mama Pacha: usiku.

"Lifunge. Fungua tena."

Asubuhi.

Vicheko vilikatika.

"Lina pepo hilo," mkongwe alinong'ona.

"Lina makro," nilisema.

Nikawaeleza. Makro ni amri zilizofichwa ndani ya jedwali. Hizi ziliandikwa zianze kazi zenyewe kila faili linapofunguliwa: msogeze kila mtu zamu moja mbele, kisha hifadhi. Zilitungwa na mdogo wake Matroni, enzi zile faili likikaa kwenye kompyuta moja na Matroni akilifungua Jumatatu asubuhi tu, watu wabadilishane zamu, basi. Kwa wakati ule ilikuwa kazi nzuri, sikatai. Lakini juma hili ofisi kuu imeamuru ratiba ziwekwe mahali pa pamoja, kila mtu aone. Kwa hiyo kila aliyechungulia zamu yake alimhamisha mwenzake bila kujua. Hata Matroni, alipofungua jana kuangalia nani hayupo.

"Kitindamimba wetu hakosei," Matroni alisema. "Ijumaa anakuja. Tutamuuliza."

"Na barua?"

"Barua inatakiwa ofisi kuu leo, kabla ya adhuhuri."

Mama Pacha alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua pindo la aproni yake. Sikungoja Ijumaa. Nilivuta kibodi, nikashikilia kitufe cha Shift huku nikilifungua faili, njia ya kulifungua bila amri zake kuamka. Majina yakatulia pale pale. Kisha nikaingia kwenye mipangilio, nikazizuia makro zisijiendeshe faili linapofunguliwa. Anayezitaka aziruhusu mwenyewe, kwa mkono wake, akijua anachofanya. Nikatoka mpaka kwenye kompyuta ya mlangoni, nikafanya vivyo hivyo.

Niliporudi, Matroni alikuwa akilifunga faili na kulifungua, tena na tena, midomo ikisoma bila sauti. Asubuhi. Asubuhi. Asubuhi.

Aliichukua ile barua, akaichana, vipande akavitia kwenye kikapu chini ya meza.

"Rudi wodini," alimwambia Mama Pacha. "Watoto wanalia. Ratiba nitaipanga upya kwa mkono."

Ijumaa mdogo mtu alikuja kweli, akaketi ofisini amenuna. Matroni aliniita pembeni, kwenye korido ya dawa.

"Amekasirika," alisema. "Nami simlaumu. Umeingilia kazi yake bila ruhusa yake wala yangu, tena mbele za watu. Ingia umwombe radhi, binti, yaishe. Neno moja tu. Halafu atarudisha mambo yake yalivyokuwa."

Lingekuwa neno tu, ningelitoa, nikaenda zangu kunywa chai. Lakini makro zile zikirudi kujiwasha, mgeni mwingine ataamini anachosoma, na barua nyingine itachapwa.

"Aziache humo humo, Mama," nilimjibu. "Jumatatu ukizihitaji, bonyeza kuruhusu, zitakufanyia kazi yako. Kujiwasha zenyewe, hapana."

"Sijakuuliza habari za kubonyeza. Nimesema kamwombe radhi."

"Nimekusikia, Mama."

"Haya, ingia basi."

"Siingii," nilisema. "Na radhi siombi."