Betri Tisa za Injinia

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mtu aliyejiita Injinia aliweka kreti la plastiki katikati ya ukumbi wa jengo jipya, akarudi nyuma kidogo, akalitazama kama anayesubiri kupigiwa makofi. Ndani mlikuwa na betri tisa za drili na msumeno. Kila moja ilikuwa imezungushiwa tepu nyekundu, ili mwizi akiiba ajulikane. Hakuna mwizi aliyewahi kuzitaka.

Injinia hakuwa injinia. Alikuwa seremala aliyemwoa binti mkubwa wa mwenye karakana, na jina hilo alijipa mwenyewe siku aliponunua drili yake ya kwanza isiyo na waya. Tangu hapo alipima ufundi kwa wingi wa betri, na kila mwenye chache kuliko yeye alimwona mwanagenzi.

Jengo lilikuwa bado halijaunganishiwa umeme. Soketi iliyofanya kazi ilikuwa moja tu, katika kibanda cha mlinzi getini. Msimamizi wa ujenzi alikuwa ametoa sharti lisilohitaji ufafanuzi: milango sita ya ghorofa ya chini itundikwe, ifungike na kufunguka vizuri kabla ya saa kumi jioni, karakana ipewe na ghorofa za juu. Ikishindikana, kazi iende kwa wengine. Mwenye karakana, mjane ambaye wote walimwita Mama, naye alikuwa na lake. Kati ya mkwe na binti yake mdogo, atakayeiweza kazi hii ndiye angeshika uongozi wa karakana. Akaja mwenyewe kushuhudia, akaketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, mkoba mapajani.

Binti mdogo, seremala kama marehemu baba yake, alikuja na betri tatu, chaja mbili na kebo yenye soketi nne.

"Tatu?" Injinia aliangua kicheko. "Shemeji, umekuja kufunga milango au kuwasha redio?"

"Moja kwenye chombo, moja kwenye chaja, moja inapoa. Au wewe una mikono tisa?"

"Betri ni kama watoto. Wengi ndiyo baraka."

"Watoto hulishwa, baba," Mama alisema kutoka kwenye ndoo. "Chaja unazo ngapi?"

"Moja, mama. Lakini ni ya kasi."

Kwa watu wanaojua kugawanya, shindano lingeishia hapo. Betri tisa kwa chaja moja ni familia ya watu tisa yenye kijiko kimoja: kuna watakaolala njaa. Jioni iliyotangulia Injinia alikuwa amechaji alizowahi, kisha akazirudisha kwenye kreti pamoja na zile asizowahi. Betri za aina hiyo zina vitaa ubavuni vinavyoonyesha kiasi cha moto uliobaki. Vitaa vyote vilikuwa chini ya tepu nyekundu.

Waligawana milango mitatu mitatu. Binti alianza kwa kukata milango yake yote pamoja, kwa sababu msumeno ndio mlafi wa betri. Akamaliza ulafi huo kwanza, ndipo akashika drili, ambayo hula kidogo kidogo. Injinia alichukua mlango mmoja, akaukata, akautoboa, akaufunga bawaba, akaufungua na kuufunga mara nyingi kuliko ilivyohitajika, huku akimtupia Mama jicho. Ulifungika vizuri. Bahati nayo hufanya kazi siku moja moja.

Katika mlango wa pili msumeno ulinyamaza katikati ya ubao. Akachomoa betri, akaitupa kwenye kreti, akachukua nyingine. Ikaguna, ikafa. Akaitupa humo humo, akachukua nyingine, ambayo pengine ilikuwa ile ya kwanza.

"Bandua hizo tepu uone taa, shemeji," binti alisema akipita na bawaba mkononi.

"Nizibandue ziibiwe?"

"Na nani? Hata mwizi atataka kujua ipi nzima."

Mlinzi alicheka getini. Injinia hakubandua. Kung'ang'ania kosa kwa sababu aliyelionyesha ni mdogo wako si msimamo. Ni upumbavu uliovaa suti. Alipata betri moja yenye uhai, akaisukuma mpaka ikaunguza kiganja, kisha ilipokata akakimbia nayo kibandani na kuichomeka kwenye chaja. Chaja ikawasha taa nyekundu ya kupepesa. Chaja hizo hukataa betri yenye joto mpaka ipoe. Jambo hilo limechorwa kwenye mgongo wa chaja yenyewe, kwa picha, kwa ajili ya wasiosoma. Injinia aliipiga kofi.

"Imekukatalia," mlinzi alisema.

"Haikatai. Inataka kupozwa tu."

Akaitumbukiza betri kwenye ndoo ya maji ya fundi mwashi. Akaitoa, akaifuta kwenye suruali, akaichomeka tena. Chaja ikatoa mlio mfupi na harufu ya plastiki iliyoungua, na haikuwaka tena.

"Sasa mkubwa, ulikuwa unaichaji au unaiogesha?" mlinzi aliuliza.

Injinia alirudi ukumbini. Binti alikuwa anakaza skrubu ya mwisho ya mlango wake wa tatu.

"Shemeji, niazime betri."

"Betri sikupi. Nipe mlango."

"Mlango wangu siuachi. Niazime moja tu."

"Uiogeshe? Nipe mlango."

Alisimama, mikono kiunoni, akigeuka huku na huku kama mwenye njia nyingine. Hakuwa nayo. Saa kumi ilikuwa inakaribia, na milango miwili ilikuwa imeegemea ukuta.

"Mpe mlango, baba," Mama alisema.

"Mama, watu watasema nini?"

"Watu gani? Mlinzi keshasema."

Akampa. Binti alibadilisha betri, akanyoosha palipoharibiwa kadiri ubao ulivyoruhusu, akautundika ule wa pili, kisha wa mwisho. Injinia alishikilia milango isianguke, kazi ambayo kabari ingeifanya bila kuguna.

Msimamizi alifika mkono mmoja ukiwa na simu. Akamwamkia Mama, akafungua na kufunga milango yote sita. Kwenye wa pili aliinama, akapitisha kidole chini, mahali msumeno ulipokufa.

"Huu umeng'atwa na nini, mama?"

"Na betri tisa."

Msimamizi alitazama kreti, akamtazama Injinia, akajizuia kucheka kwa adabu iliyoonekana. Akasema wataubadilisha ubao ule kwa gharama yao, na ghorofa za juu ni zao. Akatoa michoro na kumnyooshea Injinia, kwa kuwa ndiye mwanamume. Mama aliidaka njiani, akamkabidhi binti yake.

"Kuanzia leo karakana nzima itamsikiliza huyu," alisema. "Na wewe, baba."

Injinia alijibu kwamba mashine za siku hizi hazina uimara. Mama alikuwa keshainuka kwenye ndoo na mkoba wake.

Asubuhi iliyofuata, Injinia alikuwa kwenye ngazi, mlango begani, anapanda. Juu, shemeji yake alimwambia aushushe pale dirishani, akafuate mwingine. Akaushusha, akashuka kuufuata.